Mgahawa wa kwenda na watoto: angalia jiko kabla ya bembea

MamaTabata (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi. Karibu kila wikiendi kuna mtu anauliza wapi Dar pazuri pa kwenda kula na watoto, na majibu ni yale yale: nenda pale kuna bembea, nenda kule kuna bwawa, sehemu fulani wana lile dude la kuruka linalojazwa upepo. Nimefanya kazi kwenye migahawa ya mji huu miaka mingi, kwanza mhudumu, baadaye msimamizi wa ukumbi, na nina watoto wawili. Niseme ninachokiamini: kinachoharibu mlo wa familia ni kusubiri. Mtoto wa miaka minne mwenye njaa hawezi kukaa kitini saa nzima, na hakuna mchezo utakaomsahaulisha tumbo lake. Bembea inamchosha zaidi. Chakula kinapofika yeye ameshapitiliza njaa, analia usingizi, au ameshashiba soda mliyompa ili anyamaze.

Kwa hiyo swali langu la kwanza si kama pana michezo. Nauliza jiko lao linatoa chakula kwa muda gani, siku ile ninayotaka kwenda, saa ile ninayotaka kwenda.

Niwaeleze jikoni kunavyokuwa Jumapili. Ibada ya pili ikitoka, kuanzia saa saba mchana, familia zinaingia kwa mkupuo. Jiko la mkaa ni moja, mchomaji ni mmoja, akiwa na bahati ana msaidizi, na ukumbi mzima umeagiza vitu viwili, kuku choma na mbuzi choma. Mbuzi anayewekwa motoni sasa hivi anataka kama saa nzima. Wewe uliyefika saa saba na nusu nyama yako bado iko kwenye friji, inasubiri nafasi kwenye wavu. Mhudumu akikwambia "dakika tano tu mama" hana nia mbaya, ndivyo alivyojibiwa dirishani na mpishi ambaye hata hajui karatasi yako iko ya ngapi. Familia hiyohiyo ingefika saa sita kasorobo ingekula mapema kabisa. Mkaa umeshika, nyama za kwanza zimeanza kutoka, wahudumu hawajachoka, na vyoo vilivyooshwa asubuhi bado vina sabuni.

Jambo la pili, tofautisha chakula cha sufuria na chakula kinachowekwa motoni ukishaagiza. Wali, pilau, maharage, mchuzi wa nyama, ndizi nyama, mtori, hivi vimeshaiva, kilichobaki ni kupakua. Chipsi ni haraka kama viazi vimeshamenywa na kukatwa. Kuku wa kienyeji uliza kwanza: "Ameshachemshwa?" Kama hajachemshwa, mwachie mtu asiye na watoto. Watoto waagizieni kutoka sufuriani, ninyi wakubwa agizeni mnachotaka.

Na hapa kuna jambo la ndani ya kazi ambalo wateja wengi hawalijui. Ukitaja kila kitu kwa pamoja, mhudumu anaandika karatasi moja, na jikoni karatasi moja hutoka kwa pamoja. Mtori wa mtoto umeshapakuliwa, umewekwa pale dirishani, unaganda utando juu huku ukimsubiri mbuzi wa baba. Nimesimama kwenye dirisha hilo mara nyingi sana nikiangalia bakuli la mtoto linapoa na mtoto mwenyewe namwona anajilaza mezani. Mwambie mhudumu hivi: "Andika ya watoto peke yake, ilete ikiwa tayari, usisubiri yetu." Maneno hayo hayana gharama yoyote na yanabadilisha mchana wenu wote.

Menyu ya watoto isiwapumbaze. Sehemu nyingi ni chipsi na soseji, au vipande vya kuku vya kukaanga vilivyotoka kwenye friji. Omba nusu sahani ya wali kuku au ndizi nyama. Hata kama haijaandikwa, mara nyingi mnakubaliana bei. Au agizeni sahani moja ya mtu mzima na sahani mbili tupu, mgawane. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa vya chai, kwa hiyo iache ije na chakula, isitangulie.

Meza chagua mwenyewe, usikubali tu unapoonyeshwa. Kaa mbali na njia ya wahudumu wanaopita na supu ya moto, mbali na jiko la mkaa, mbali na spika. Na tafadhali sana, mbali na maegesho. Hili ndilo linanitisha kuliko yote. Kwenye bustani nyingi za hapa mjini sehemu ya michezo imebanwa pembeni, palipobaki nafasi, na palipobaki nafasi ni kando ya magari. Dereva anarudi nyuma, kioo hakimwonyeshi mtoto mwenye urefu wa magurudumu. Kama sehemu ya michezo haina uzio, au huioni ukiwa umekaa kwenye kiti chako, basi hiyo kwako haipo.

Mwisho, mnajua wenyewe kwamba sehemu nyingi mchana ni mgahawa na usiku ni baa. Ikifika saa kumi na mbili jioni spika zinafunguliwa, viti vya plastiki vinaongezwa, na wateja wanaoingia wamekuja kwa shughuli nyingine. Hawana kosa, ni saa zao. Ninyi mwe mmeshaondoka.

Karibuni mwongeze.

BabaKimara

Dada umeongea vitu vya maana, hasa hiyo ya karatasi mbili. Mimi naleta jambo la akina baba. Mama watoto anafanya kazi Jumamosi, kwa hiyo siku hiyo ni mimi na binti yangu wa miaka minne. Akisema "baba choo", naenda naye wapi? Cha wanaume kuna watu wamesimama wanajisaidia, sipendi aingie humo. Cha wanawake siwezi kuingia. Kumtuma peke yake siwezi, sakafu inateleza na bomba halifikii.

Nimejifunza kuangalia choo kabla ya kukaa. Mlangoni namuuliza mhudumu vyoo viko wapi, naenda kuviona, ndipo nachagua meza. Sehemu yenye choo kimoja cha watu wenye ulemavu, chenye mlango wake na mlango unaofungwa, hiyo ndiyo yangu. Sehemu ambayo choo cha walemavu kimegeuzwa stoo ya makreti ya soda, naondoka. Wenye migahawa mkisoma hapa, toeni makreti humo. Siyo sisi tu, wapo na wenye kiti cha magurudumu.

MamaTabata

Kaka BabaKimara, hili sikuliwaza kabisa kuliandika na ni kubwa. Niongeze: kama hakuna choo cha hivyo, mwite mhudumu wa kike, mwambie akuangalizie cha wanawake kama kiko wazi, asimame mlangoni wewe umsaidie mwanao. Tulikuwa tunafanya hivyo na hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Omba bila aibu.

Mkulima_Halisi

Samahani wanajamvi, mimi naona tunajitafutia matatizo. Hela ya kwenda kula nje familia ya watu watano, nyumbani unanunua kuku wawili, mchele, mafuta na matunda na chenchi inabaki. Watoto wanakula wakiwa wametulia, choo chao wanakijua. Kwa nini twende kukaa kwenye foleni ya mbuzi?

MamaTabata

Mkuu, kwa hesabu ya fedha uko sahihi na sibishani na wewe. Lakini nyumbani kuna mtu mmoja ambaye hiyo siku ya kuku wawili hakai mezani, anazunguka jikoni, na mara nyingi ni mama. Kutoka kwa mwezi mara moja, au kwa miezi mitatu mara moja, ni siku ambayo naye anakaa anasikia watoto wanasema nini. Halafu mtoto anajifunza kuongea na mhudumu, kusema tafadhali na asante, kungoja zamu. Si lazima iwe sehemu ya bei. Mama ntilie msafi mwenye wali maharage na samaki, saa sita mchana, ni mgahawa mzuri wa familia kuliko hoteli nyingi nilizofanyia kazi. Chakula kipo sufuriani, unakiona, unakaa unakula.

Kwa upande wa bajeti, soma chini ya menyu kabla hujaagiza. Kuna sehemu bei zimeandikwa bila VAT, ambayo Bara kwa kawaida ni asilimia 18, na nyingine huongeza na malipo ya huduma juu yake. Kwa meza ya watu watano hiyo ni sahani nzima ya mtu.

MzaliwaWaMvita

Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi watu wa Dar mwajisumbua na mbuzi. Huku sisi twachukua watoto jioni tukawapeleka bustani ya Mama Ngina, pale ukingoni mwa bahari upande wa mnarani. Tangu pakarabatiwe na kufunguliwa 2019 pana nafasi ya kutembea, watoto wakimbia, na wakubwa wakaketi kutazama meli zikiingia bandarini. Viazi karai, mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, mishikaki, achari, madafu. Hakuna menyu, hakuna kungoja. Mtoto ataka viazi, apewa viazi vinatoka kwenye karai sasa hivi.

Ila nasisitiza dafu. Juisi ya barabarani hujui maji yake wala barafu yake. Dafu lapasuliwa mbele yako, maji hayajaguswa na mtu. Mwambie muuzaji asitie mrija aliouweka wazi kwenye mkebe, mtoto anywe kwa kopo lake mulilotoka nalo nyumbani. Na viazi karai ni moto ndani kuliko nje, vipasue kwanza vipoe kabla ya kumpa mdogo.

BintiMkunazini

Kaka Mvita umenikumbusha Forodhani, bustani yetu ya ukingoni mwa bahari. Sisi Unguja jioni ndiyo kwetu huko, na wageni wote hupelekwa huko na watoto wao, kwa hivyo naomba niseme la kuangalia.

Vile vijiti vya pweza, kamba na samaki vilivyopangwa mezani vinapendeza, lakini jiulize vimekaa hapo tangu saa ngapi. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na joto letu la Unguja mnalijua. Kijiti kikipashwa juu juu tu hakijawa salama. Kwa mtoto mimi huchagua kinachoanzia ubichi mbele ya macho yangu: ile pitsa ya Zanzibar, unamwona anavyosukuma unga, anavunja yai, anatia nyama ya kusaga, anakunja, anakaanga. Au urojo unaochotwa kwenye sufuria inayofuka moshi, bila pilipili. Mishikaki ya ng'ombe sawa, lakini nyama itoe kwenye kijiti kabla hujampa, asitembee na kijiti mdomoni kwenye umati ule.

La pili ni ukuta wa bahari. Vijana wanaruka baharini pale kila jioni, na watoto wadogo wanataka kwenda ukingoni kuwatazama. Mkae upande wa bustani, si upande wa ukuta, na mtu mmoja kazi yake iwe kumshika mkono mtoto. Sikukuu za Idi ndiyo kabisa, msongamano wake haupitiki. Sisi watoto tunawapeleka mapema, mara tu baada ya Alasiri, tunarudi kabla ya Magharibi.

Na kwa wageni: Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya mjini hufungwa mchana. Ukija na watoto, wasiliana mapema na mnapofikia juu ya chakula cha mchana, na watoto wale ndani, si barabarani. Baada ya kufuturu mji wote unafunguka na chakula ni kingi.

mama_wa_kijana_mkimya

Asante kwa uzi huu. Mwanangu ana usonji, ana miaka saba. Kwetu sisi kula nje ilikuwa ndoto kwa muda mrefu, na kinachotusaidia ni kama alivyosema mleta uzi, saa. Tunaenda saa tano na nusu, siku ya katikati ya wiki ikiwezekana, wakati hakuna mtu. Tunakaa kwenye kona ili mgongo wake uwe ukutani, asipitwe na watu nyuma. Nawaomba wapunguze muziki, na mara nyingi wanapunguza nikiwaeleza kwa utulivu. Naenda na sahani yake na kikombe chake kwa sababu chakula kilekile kwenye sahani nyingine kwake ni chakula kingine. Siku moja kabla namwonyesha picha ya mahali penyewe kwenye simu.

Ninachowaomba wazazi wenzangu ni kimoja. Mkimwona mtoto wa miaka saba analia chini mezani, msimkodolee macho mama yake, na msiwaambie watoto wenu "ona mtoto mwenye adabu mbaya". Mhudumu mmoja aliwahi kuja akachuchumaa mbali kidogo, hakumgusa, akaweka kijiko alichokuwa anakililia juu ya kiti, akaondoka. Kijana akanyamaza. Mgahawa huo nausema kwa kila mtu ninayemjua, na michezo hawana hata mmoja.

MamaTabata

Mama, nimesoma maneno yako mara mbili. Kwa wasimamizi wa kumbi: wafundisheni vijana wenu jambo hilo, kutosogea sana, kutogusa, kuuliza mzazi "nikusaidie nini?" kisha kufanya hilo tu.

fundi_umeme_Ilala

Swali kwa mleta uzi. Mtoto wangu karanga zinamdhuru, midomo inavimba. Mhudumu nikimuuliza "hiki kina karanga?" anajibu haraka haraka hakina. Niamini?

MamaTabata

Usiamini jibu la haraka, kaka. Mhudumu hajui, anakujibu ili uagize. Omba kuongea na mpishi mwenyewe, au msimamizi aende jikoni arudi na jibu. Na uliza kwa namna nyingine: usiulize kama kina karanga, uliza "mchicha wenu mnaunga na nini?" Kisamvu na mchicha kwa karanga ni kawaida kabisa, na sosi za kupaka mishikaki nazo mara nyingine zina karanga za kusaga. Halafu kuna mwiko. Mwiko uliokoroga mchicha wa karanga ndio unaohamia kwenye maharage kukiwa na haraka, nimeuona ukihama. Mafuta ya kukaangia nayo hutumika kwa vitu vingi siku nzima.

Kwa mtoto wa hivyo mimi ningechagua kitu kisichopita kwenye mwiko wa mtu: yai lililochemshwa na ganda lake, ndizi ya kuchoma, dafu, tunda analomenyewa hapo mezani kwa kisu ulichokiosha. Na akivimba midomo au akianza kuhema kwa shida, msisubiri bili, ni hospitali saa hiyohiyo. Daktari wake muulize kuhusu dawa ya dharura ya kutembea nayo.

MtuWaKirumba

Mwanza hapa. Kwetu raha ni kula sato ukiwa umeangalia ziwa, na migahawa mingi imeshuka hadi ukingoni mwa maji. Watoto wakimaliza kula, au wakichoka kungoja, wanaingia ziwani kuchezea maji ya magotini, na wazazi wanatabasamu kwa sababu ni kifupi. Jamani, kichocho kinapatikana palepale kwenye maji ya kifupi yenye majani, ndiko konokono wake wanakaa. Mtoto hahitaji kuogelea, kusimama tu kunatosha. Mimi mgahawa wa ufukweni ninaochagua ni ule wenye ukuta au uzio kati ya meza na maji.

Kuhusu samaki wenyewe: sato ana miiba midogo pembeni, kwa mtoto chambua mwenyewe kwa vidole, usitegemee macho. Sangara wa mnofu hana miiba, huyo ndiye wa watoto.

BabaKimara

Na huku Pwani ni nguru. Kipande cha nguru mfupa wake uko katikati, unautoa mara moja umemaliza. Vibua usijaribu kwa mtoto wa chini ya miaka mitano.

mwana_Kunduchi

Mimi nimekulia ufukweni, baba alikuwa mvuvi, niongeze habari ya bahari maana watu wa mjini wanakuja na watoto bila kujua maji.

Unaweka meza mchangani saa nne asubuhi, bahari iko mbali kule, watoto wanacheza kwenye mchanga mweupe mnasema mahali patulivu. Maji hujaa na kupwa kila baada ya kama saa sita. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa hapa Dar hupita mita tatu. Mkiwa mnangoja samaki wa kuchoma, ule mchanga waliokuwa wakichimbia unaweza kuwa na maji ya kifua cha mtoto. Uliza mwenyeji yeyote: "Maji yanajaa saa ngapi leo?" Atakwambia bila kuangalia kitu chochote. Nenda maji yakiwa yameanza kupwa, utakula kwa amani.

Wanaokwenda kisiwani Mbudya: ukishuka tu kwenye boti agiza samaki kwanza, kabla hujatandika hata kanga, kwa sababu nao ni jiko la mkaa na wageni wengine wameshuka na wewe.

Na yale mabwawa ya kuogelea kwenye migahawa, mtoto anayezama hapigi kelele. Sinema zinatudanganya. Anashuka kimya, na watu wako hatua chache wanakula. Mkiwa watu wazima wanne kila mmoja anadhani mwingine anaangalia. Mteueni mmoja kwa jina, awe karibu na maji, simu aache mezani, baada ya nusu saa apokelewe na mwingine.

Nesi_wa_Zamu

Wachangiaji mmesema vizuri. Langu ni mbu. Watu wanapaka dawa ya mbu jioni tu, kwa sababu ya malaria, na ni sawa kwa kuwa mbu wa malaria huuma usiku. Lakini mbu wa dengi huuma mchana, na Dar tulipata mlipuko 2014 na tena 2019. Huyu anazaliana kwenye maji kidogo safi yaliyotuama. Sasa angalieni bustani za migahawa: visahani chini ya vyungu vya maua, matairi yaliyopakwa rangi kuwa bembea na yamejaa maji ya mvua. Mtoto anakaa kwenye tairi hilohilo miguu wazi saa nane mchana. Mpakeni dawa inayofaa umri wake, mvalisheni suruali, na mwambieni msimamizi atoboe tairi chini ili maji yatoke. Ni kazi ya msumari mmoja.

Kwa wenye vichanga: mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata kwenye uji wa hotelini, ulizeni. Na kunyonyesha mezani ni haki ya mtoto, kanga moja inatosha.

Mkulima_Halisi

Nimesoma uzi wote. Mama watoto naye kausoma begani kwangu, kasema Jumapili tunatoka. Tuko watano, mdogo ana miaka mitatu, mkubwa kumi na mmoja. Tunatoka kanisani ibada ya kwanza. MamaTabata nifanyeje, hatua kwa hatua, sitaki kukosea?

MamaTabata

Hongera mkuu, na msalimie sana shemeji yangu.

Jumamosi jioni, si Jumapili asubuhi, piga simu kwenye mgahawa mliouchagua. Piga kati ya saa tisa na saa kumi na moja, hapo ukumbi umepoa na msimamizi ana nafasi ya kukusikiliza. Sema: "Kesho saa sita kamili tuko watano, watoto watatu. Nataka mbuzi kilo moja iwe motoni saa tano, na meza mbali na maegesho na spika." Muulize jina lake, uliandike. Kilo moja na ndizi za kuchoma inawatosha watu wazima wawili na huyo wa miaka kumi na mmoja, wadogo wana chakula chao. Wakitaka malipo ya awali kwa simu, tuma kiasi kidogo na utunze ujumbe wa muamala.

Jumapili mkitoka ibada, wadogo wapewe kitu chepesi njiani, ndizi moja moja, ili wasifike na njaa kali wala wasifike wameshiba. Mkifika, wewe nenda ukaone choo kama BabaKimara alivyosema, shemeji akae na watoto. Agiza mtori au wali na mchuzi wa wale wadogo kwa karatasi yao. Nawisheni mikono kwa sabuni. Mhudumu akija na birika na beseni ni sawa kabisa mradi sabuni ipo na maji yanamiminwa, siyo wote kuchovya beseni moja. Wa miaka kumi na mmoja mwachie aagize mwenyewe na aulize bei mwenyewe, atafurahi sana.

Beba kontena zenu mbili zenye mifuniko. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 na vifungashio vingi vya karatasi vinavuja mchuzi. Kitakachobaki mfungashe papo hapo kingali cha moto, kiingie friji mkifika, na jioni kipashwe mpaka kichemke.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Na ikifika saa nane, hata kama watoto wamenogewa, anza kuita bili, kwa sababu bili nayo siku ya Jumapili ina foleni yake.